Mtu wa Tatu Asubuhi

Walikutana soko la mji wa Baraka, kando ya ziwa, kwenye meza za samaki wadogo wa ndakala, Anastasie amesimama akihema, kikapu kikimshinda. Placide, mwalimu mstaafu mwenye kofia ya majani na raba nyeupe, alimpokea kikapu.

"Mama, unaumwa?"

"Ni tension, Mwalimu, damu inapanda. Munganga wa hospitali anasema nitembee kila asubui, ao miguu itakataa na moyo utafuata. Lakini mi na myaka sitini na nane, kutembea bure peke yangu? Batu batanicheka."

"Basi batucheke sisi wawili, mrembo."

Wakaanza kutembea kulipopambazuka, kutoka kanisani hadi ziwani, Anastasie amepandisha kitenge chake cha njano juu ya vifundo. Mwezi haukuisha, pumzi ikarudi, magoti yakalainika, na moyo, bila haya hata kidogo, ukaanza kumngoja Placide.

Ndipo Anastasie aliposikia nyayo za mtu wa tatu nyuma yao, ndani ya ukungu. Mguu mmoja ulikanyaga, wa pili uliburuzwa. Marehemu mumewe Eugène alitembea hivyo hivyo, na Eugène alizikwa kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, ng'ambo ya ziwa.

Hakutoka tena. Wiki mbili tu, miguu ikavimba. Simu ikalia.

"Chérie, umenichoka?"

"Hapana, Placide. Eugène iko anatufuata."

"Mi namusikia tangu siku ya kwanza. Nilizani we unajua."

Anastasie aliibana simu sikioni.

"Wakati mulirudi huku, uliaga kaburi?" Placide aliuliza.

Hakuaga. Majina ya wanaorudishwa kwao yalisomwa ghafla, akakimbilia lori na watoto na sufuria. Kwa mila za kwao marehemu haachwi bila kuambiwa nyumba imehamia wapi, naye alisahau.

"Kesho twende umuambie. Ukiacha kutembea utakufa, na mi sitaki kukuzika."

Asubuhi nyayo zilikuja. Anastasie akageuka. Hapakuwa na mtu, ila mchanga ulikuwa unabonyea wenyewe, hatua kwa hatua, ukimjia.

"Baba Aline," alisema, "unisamehe. Tulirudi kwetu. Nyumba yetu iko Fizi, kule mulimani, mutoto wetu Aline iko anaishi mule. Enda upumuzike. Mi natembea na huyu sababu nataka kuishi."

Mchanga ukatulia. Kisha nyayo zikageuka, zikashika njia ya milimani, pole pole.

Anastasie alilia kwa uchungu, maana alimpenda Eugène.

"Fizi iko mbali sana kwa mguu ule," alisema.

"Atafika. Na mi, nitakuoa lini?"

Anastasie alicheka huku analia, akamshika mkono.

"Tufike ziwani kwanza, mume wangu."