Mwenye Mlima Anapohesabu Miti

Jua lilikuwa linazama nyuma ya mlima Chizuru alipoanza kufunga kazi. Kazi yenyewe haikuwa na makeke. Msimu wote wa baridi alikaa kibanda cha chini akipakia wachezaji wa ski kwenye viti vya lifti vinavyoning'inia kwenye waya kupanda mlima, na juu kabisa mdogo wake, Kiyoharu, akiwapokea. Kiangazi walilima mpunga. Wazazi walishatangulia, walibaki wao wawili tu, na Chizuru alimpenda yule kijana kuliko alivyojua kusema.

Siku ile lifti haikupaswa kuzunguka. Ilikuwa tarehe kumi na mbili ya mwezi wa kumi na mbili, siku ambayo Mwenye Mlima, mzimu wa mlima ule, hupita akihesabu miti yake. Tangu enzi za mababu hakuna mkata magogo aliyethubutu kupanda siku hiyo. Lakini meneja mpya, Onodera, mtu wa mjini, aliona theluji imewahi na wageni wapo, akafungua.

"Mwenye Mlima anapenda wenye sura mbaya," Kiyoharu alitania asubuhi. "Mimi sina shaka."

"Basi wewe leo hurudi, mdogo wangu."

Walicheka wote.

Mgeni wa mwisho alipokwisha kushuka, simu ya upepo ilikwaruza. "Dada, nafunga kitambaa." Ndiyo desturi yao: wa juu hufunga kitambaa chekundu kwenye kiti cha mwisho, akakaa kitini humo, na wa chini hazimi mashine mpaka kifike.

Mara upepo ukavuma na mashine ikajizima.

Kimya...

"Dada." Safari hii alinong'ona. "Kuna mtu msituni. Anahesabu."

"Mgeni kapotea?"

"Mwanamke. Anagusa mti mmoja mmoja... anakuja huku."

Chizuru alijibu kama anavyojibu kila siku ya upepo, bila hata kufikiri. "Simama hapo hapo. Usisogee mpaka nikwambie."

"Sawa, dada."

Hapo ndipo akamkumbuka bibi yao. Siku ile ukijikuta mlimani, bibi alikuwa akisema, tembea, ruka, cheza hata ngoma. Chochote kilichosimama tuli, Mwenye Mlima anakihesabu kuwa mti wake.



"Kiyo, tembea! Kiyo, unanisikia? Tembea!"

Simu ilikwaruza tu. Kibanda kizima kikanuka utomvu mbichi wa msonobari.

Upepo ulipotulia, mashine ikawaka tena. Kiti chenye kitambaa chekundu kikateremka polepole... kitupu.

Alipanda na Onodera kwa pikipiki ya theluji. Kibanda cha juu kilikuwa na taa, na chai ya Kiyoharu bado inatoa mvuke. Nyayo zake zilitoka mlangoni hadi pale anaposimama kupokea wageni. Hazikuendelea.

Pale palikuwa na msonobari wa kimo cha mtu.

"Huu mti ulikuwepo?" Onodera alinong'ona.



Polisi na wanakijiji walitafuta mpaka theluji ikayeyuka. Kwa kuwa ule mti uliziba njia ya wageni, Onodera alimtuma mtu na msumeno. Yule bwana aliweka kiganja kwenye gome, akauzima msumeno. "Una joto huu," alisema. "Mimi sikati."

Msimu uliofuata Chizuru aliomba kazi ya juu, akapewa. Kila jioni alipangusa theluji kwenye matawi. Neno moja hakuthubutu kulitamka, kwa kuogopa kwamba lisingebadili kitu, na matumaini yake yangekuwa yameishia hapo. Jioni moja alichoka roho.

"Kiyo. Haya, sogea sasa. Twende nyumbani."

Alingoja. Tawi halikutikisika. Akaona haya, akafunga kitambaa chekundu, akakaa kitini, akafumba macho asiuone mti ukibaki nyuma.

Katikati ya njia simu ilikwaruza. Alikuwa mzee Sannosuke, wa kibanda cha chini. "Chizuru, huyo mgeni umemtoa wapi?"

"Mgeni gani?"

"Huyo uliyekaa naye."

Furaha ilimjaa kifuani mpaka ikamuuma. Hakuthubutu kugeuka.

"Mzee," alinong'ona, "ni Kiyo? Mtazame usoni. Ni yeye?"

Mzee Sannosuke alikaza macho.

"Hapana, binti yangu. Ni mwanamke."

Utomvu ulinukia ubavuni pake. Kisha vidole vya baridi vikamgusa begani, taratibu, kama vya mtu asiyetaka kukosea hesabu.

Kiti kilikuwa kinaning'inia juu kabisa ya miti, hakuna pa kutembea. Chizuru akaanza kutikisa miguu yote miwili, kama mtoto kwenye pembea, huku analia.