Kromosomu Zilizokataa Kupanga Mstari

Kila Ijumaa, vipindi vikiisha, Hilda wa kidato cha pili hakuharakisha kurudi nyumbani Mshangano. Alibaki kwenye klabu ya sayansi ya Mwalimu Biasha, akafuta meza na kuosha vioo vya hadubini. Shule ilikuwa na hadubini moja tu, kwa hiyo wanaklabu waliisubiri kwa foleni.

Ijumaa hiyo walichunguza ncha za mizizi ya kitunguu, mahali ambapo seli hugawanyika kila mara. Saimon, mmoja wa wanaklabu, ndiye aliyeotesha kitunguu chenyewe nyumbani kwao Msamala. Mwalimu alikata mizizi, akaitia rangi na kuiponda kwenye kioo.

"Chora unachokiona," alisema. "Atakayewashinda wenzake atatuwakilisha kwenye maonyesho ya sayansi ya mkoa."

Hilda aliyataka maonyesho hayo kuliko kitu chochote. Zamu yake ilipofika, alitazama mpaka jicho likamuuma. Kwenye chati iliyopigiliwa ukutani, kromosomu zilijipanga mstari katikati ya seli. Kwenye hadubini zilitapakaa kama maharage yaliyomwagika. Akahamia seli nyingine, na nyingine tena, hali ni ile ile. Akachora alichokiona.

Mwalimu alipopitia michoro, uso ulimbadilika. "Hilda, hiki ni nini? Wenzako wote wamechora mstari, wewe umemwaga tu! Uvivu gani huu?"

"Ndivyo nilivyoona, Mwalimu."

"Labda alikuwa anaangalia ubwabwa," alisema mwanaklabu mwenzake, Amedeus, na klabu nzima ikaangua kicheko.

Hapo ndipo panapoudhi. Kila aliyecheka alikuwa ametazama kioo kile kile, akaona yale yale, kisha akageukia ukutani na kunakili chati. Walijua kabisa, lakini wakamwacha mwenzao aitwe mvivu. Huo ni uoga, na ni uonevu pia.

"Basi maonyesho uyasahau," alisema Mwalimu.

Hasira zilimpanda Hilda. "Niwie radhi, Mwalimu, lakini hii si haki! Angalia mwenyewe. Kama nimedanganya, nifukuze klabu kabisa."

Mwalimu Biasha alimtazama, kisha akainamia hadubini. Alikawia. Alipoinua kichwa, aliwageukia wengine.

"Huo mstari mmeuona wapi?"

Mmoja mmoja wakaigeukia chati ukutani.

"Saimon, hiki kitunguu ulikiweka wapi?"

"Kwenye friji, Mwalimu. Tangu jana. Niliogopa mizizi isije ikanyauka."

Miaka hiyo bidhaa kutoka nje zilikuwa zimeanza kujaa madukani, na aliyepata friji alitia humo kila kitu, hata chumvi. Nyumbani kwa akina Saimon mambo yalikuwa hayo hayo.

Mwalimu akavuta pumzi. "Ndani ya seli kuna kiunzi cha nyuzi nyembamba sana. Seli inapogawanyika, nyuzi hizo huishika kila kromosomu kutoka pande mbili na kuivuta mpaka ikae katikati, ili kila seli mpya ipate fungu lake kamili. Baridi kali huzivunja nyuzi hizo. Kromosomu zikikosa wa kuzivuta, hubaki zimetapakaa. Hilda ameona jambo la kweli, na nyinyi mmenirudishia chati yangu mwenyewe!"

Akamgeukia Hilda. "Nisamehe, mwanangu. Nilikuhukumu kabla ya kuangalia. Maonyesho utakwenda wewe."

Ijumaa iliyofuata Saimon alileta kitunguu kilichooteshwa dirishani, mbali na friji. Safari hii kwenye seli kadhaa mstari ulionekana, umenyooka katikati. Hilda akauchora kando ya mchoro wake wa kwanza, ili watu wa maonyesho waone yote mawili.

Zamu ya Amedeus ilipofika, alichungulia kidogo, kisha kwa mazoea akageukia ukutani. Chati haikuwepo. Ilibaki misumari tu.

"Hadubini iko huku, Amedeus," alisema Mwalimu Biasha. "Ukichora usichokiona unadanganya, hata kama mchoro wako unafanana na kitabu. Na ukimcheka anayesema kweli, umedanganya mara mbili."

Amedeus akainama, akatazama upya.