Moto Mweupe Mwambani Skjelholmen

Mgeni aliingia kituo cha polisi bila kubisha, magamba ya samaki yamemganda kwenye mabuti. Inspekta Ragnhild Tveitan alikuwa akisoma ripoti ya wizi: kufuli la stoo ya waokoaji limekatwa, fataki nane za ishara hazipo.

"Mimi Amândio, nahodha, Mreno," alisema mgeni. "Jana usiku mtu aliwasha moto mweupe mwambani Skjelholmen. Nikageuza meli. Bila yeye, vijana wangu kumi na mmoja wangezama. Nataka kumshukuru."

Ragnhild aliirudia ripoti. Fataki nyekundu hazikuguswa. Zimeibwa nyeupe tu.

Nyekundu huita msaada. Waokoaji wote walikuwa kaskazini wakitafuta mashua iliyopotea. Wangeona nyekundu, wangeiacha na kurudi. Nyeupe husema tu: kaa mbali. Mwizi huyu hakutaka kudanganya hata kwa rangi.

Alipofika mwambani na Amândio, taa ya kuongozea meli ilikuwa imezimika. Chini yake Ragnhild aliokota kipande cha glovu ya sufu, kimeungua.

Nyumba ya karibu ilikuwa ya Eilert Aspevik, mtunza taa mstaafu. Aliwafungulia mlango kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa na bandeji.

"Mkono umefanyaje, mzee?"

"Sufuria ya viazi."

"Na glovu yako ilikuwa inapika viazi mwambani?"

Mzee akacheka. "Haya. Nilikata kufuli mimi. Taa imekufa siku ya tatu leo. Nimepiga simu ofisi ya taa mara nne. 'Subiri, babu.' Nisubiri nini, maiti?"

Amândio aliushika ule mkono usioungua kwa mikono yake miwili.

"Zimebaki ngapi?" aliuliza Ragnhild.

"Tatu, chini ya kitanda. Chukua, ndio ushahidi wako. Nishtaki. Ila fundi anakuja kesho, na mkono huu haushiki kitu. Leo usiku atawasha nani?"

"Mimi."

"Unaahidi, binti?"

"Naahidi."

Feri ya mwisho ya kwenda mjini Bodø iliondoka saa kumi na moja jioni bila Ragnhild. Kesho yake asubuhi, huko ndiko ulikokuwa usaili wa cheo alichokingoja miaka sita.

Saa tano usiku, juu ya mwamba, meno yakimgongana kwa baridi, aliona taa za meli zikimjia moja kwa moja. Ragnhild akavuta kamba ya fataki ya kwanza, kielelezo namba moja cha ushahidi wake, akauinua mkono hadi ulipokomea. Bahari ikawa nyeupe.

Taratibu, meli ikaanza kugeuka.