Mteja Aliyechukia Mbwa wa Ukutani

Aliyenisimulia jambo hili kwanza ni wifi yangu, fundi cherehani, siku moja tukianua nguo. Alilisimulia kwa sauti ndogo, na kila baada ya maneno machache alimtazama mtoto wake.

Lilianza na kitambaa. Alikiacha mezani jioni kimekunjwa vizuri, na asubuhi alipokigusa kilikuwa na joto. Halikuwa joto la jua, maana dirisha lilikuwa bado limefungwa. Lilikuwa joto la kitanda ambacho mtu ametoka sasa hivi. Akakinusa. Kilinuka maziwa yaliyochacha.

Kaka yangu, mumewe, ni dereva wa lori, na wiki ile alikuwa safarini. Nyumbani walibaki watatu: wifi, binti yake wa miezi minane, na mdogo wake wifi wa kike, ambaye ni mchora vibao. Chumba cha mbele ndicho walichofanyia kazi. Kulikuwa na cherehani, meza ya kukatia, kioo kirefu cha wateja kujitazamia, na kigodoro cha mtoto chini ya dirisha.

Mdogo mtu, mchana, alichora vichwa vilivyonyolewa vya kuwekwa saluni na mapaja ya ng'ombe ya kutundikwa bucha. Kazi ikiisha aliketi mbele ya kile kioo akajichora mwenyewe kwenye vipande vya plaiwudi vilivyobaki. Mwili ulikuwa wake, blauzi yake, vidole vyake vyenye rangi. Kichwa kilikuwa cha mbwa. Wala si mbwa wa fahari, ni wa mtaani tu, wa kahawia, sikio moja limelegea.

"Kwa nini mbwa, mdogo wangu?" wifi alimuuliza. "Ungekuwa hata swala, watu wangekuelewa."

"Sikuchagua, dada. Nikijitazama hivi hivi naona mtu wa kuazima. Nikimaliza kuchora ndipo najiona."

"Una kitambulisho cha mtu, wewe."

"Mpiga picha alikataa kusubiri nimalize masikio."

Wakacheka. Lakini wateja hawakucheka wote. Jirani mmoja alisimama mlangoni akahesabu mbwa kumi na moja ukutani, akasema, "Shoga, hapa ni kwa fundi au kwa daktari wa mifugo?" Wifi aliona aibu.

Yule mwenye kitambaa alikuja Jumatatu saa nane mchana, mtaa ukiwa umelala kwa joto. Mwanamke mrefu, nguo safi, uso mzuri ambao wifi mpaka leo hawezi kuueleza. Aliweka mezani kitambaa cha rangi ya maziwa.

"Nataka gauni la mtoto."

"Mlete basi nimpime, mama."

"Hana haja ya kuja. Analingana na huyu wako. Kila kitu sawasawa."

Wifi hakushangaa. Mafundi hufanya hivyo kila siku: mtoto wa mteja asipokuwepo, hupimwa aliyepo. Alichukua futi akampima binti yake mabega, kifua na urefu. Mteja alikuwa akizitaja namba. Wifi alikwisha kuandika ya tatu ndipo alipogundua kwamba anazitaja kabla futi haijafika.

Pale kwenye kona, brashi ya mdogo wake ilisimama. Sauti nzito ikasikika, ya chini sana, wifi akadhani ni mota ya cherehani. Cherehani ilikuwa imezimwa.

Mteja akainua macho ukutani. "Huyo mbwa ananitazama."

"Ni picha tu, mama."

"Ijumaa saa kama hii nikija kuchukua changu, nisimkute."

Alipoondoka, mdogo mtu alikuja akasimama karibu sana na dada yake. "Dada, yule hana mtoto."

"Umejuaje?"

"Kama unavyojua chakula kimeharibika kabla hujakionja. Usimvalishe mtoto lile gauni."

"Mteja wangu unamngurumia, halafu unanipangia kazi! Unataka waseme tuna jini humu ndani?"

"Watasema nini kipya?"

Wifi akashona. Kila asubuhi kitambaa kilikuwa na joto, na harufu ya maziwa ilizidi. Kila jioni mdogo wake alijichora, na picha zikabadilika. Jumanne masikio yalilala nyuma. Jumatano manyoya ya shingo yalisimama. Alhamisi yule mbwa hakumtazama tena aliyemchora. Macho yalipita bega lake, yakaenda kwenye kigodoro cha mtoto.

"Mbona umemchora anaangalia pembeni?" wifi aliuliza kwa kunong'ona, bila kujua kwa nini ananong'ona.

"Mimi najiangalia kwenye kioo, dada. Mkono ndio unatoka hivyo."

Ijumaa asubuhi, kwa hofu na kwa aibu, wifi alizing'oa picha zote akazipeleka uani, akazifunika kwa turubai. Mdogo wake alisimama akitazama kucha za dada yake zikiingia chini ya misumari.

"Ukinitoa ukutani, dada, nitakaa wapi?"

"Kaa hapo ulipo, kama mtu."

Mdogo wake alichukua makopo yake ya rangi akaenda kupaka upya kibao cha bucha. Hakuaga.

Saa nane ilipokaribia, wifi alitia kifungo cha mwisho. Halafu, kwa mazoea tu, kwa sababu ndivyo anavyokagua pindo la gauni lolote la mtoto, alimnyanyua binti yake akamvalisha. Lilimkaa kama ngozi. Mtoto, ambaye kuvalishwa kwake siku zote ni vita, alinyamaza kimya. Wifi alimgusa shavu, likawa baridi; akafungua kifungo cha kwanza, kikateleza vidoleni kama mbegu ya boga; akachukua mkasi, ule mkasi unaokata jinzi tabaka nne, ukatafuna kitambaa bila kukikata, na harufu ya maziwa yaliyochacha ikajaa chumbani mpaka kooni, na alipoinua macho kwenye kioo kutafuta kama kuna mtu nyuma yake hakuona mtu, aliona tu binti yake akitabasamu na kunyoosha mikono kuelekea mlangoni, ilhali mapajani mwake, alipomtazama kwa macho yake, mtoto alikuwa amekaa mikono imelegea kama soksi, na hapo ndipo aliposikia pumzi, akageuka, na mteja alikuwa amekwisha kuvuka kizingiti bila mlango kulia.

"Limemkaa," alisema yule mwanamke kwa upole. "Nipe mwanangu."

Wifi alitaka kupiga kelele. Kilichotoka kilikuwa kunong'ona. "Si wako."

"Umenipimia. Umenishonea. Umemvalisha kwa mkono wako. Na umenifungulia njia, ukuta wako sasa mtupu."

Mlango wa uani ukafunguka kwa kishindo. Aliyeingia alikuwa mdogo wake, lakini wifi aliyemlea tangu akiwa mdogo hakumjua mara moja. Alikuwa amejipaka uso mzima rangi ya kahawia ya kibao, nyeusi puani na kuzunguka macho, mistari ya manyoya mpaka shingoni. Alikuwa amejichora mbele ya kioo cha dirisha la bucha, mchinjaji akimwuliza kama ana wazimu, kwa sababu nywele zilimsimama na hapakuwa na ubao mkononi wa kujichorea. Alikwenda kwa mikono na magoti katikati ya chumba, kati ya dada yake na yule mwanamke, akainua kichwa.

"Mgeuzeni," mteja alisema akirudi hatua moja. "Mgeuzeni huyo asinitazame. Mgeuzeni. Mgeuzeni." Na kila alipolisema neno, sauti ilipungua uanamke, ikawa kama upepo kwenye chupa, na miguu yake ikarudi nyuma ingawa mwili ulikuwa ukiegemea mbele.

Mdogo mtu akabweka. Hakuigiza. Wifi ameniapia hivyo. Kisha akageuka, akaushika mshono wa ubavu wa gauni kwa meno na kuvuta, na ule mshono ulioshinda mkasi ukaachia wote, kwapani mpaka chini. Akalivua gauni kwa mdomo, akatoka nalo mbio akimfukuza mteja kwenye jua. Mtoto akalia. Wifi anasema hajawahi kusikia kitu kizuri kama kilio kile.

Mdogo wake alirudi jioni, magoti yamechubuka, midomo imepasuka, gauni hana. Wifi akamtoa rangi usoni kwa mafuta ya taa, polepole, kipande kwa kipande.

"Umeumia, mdogo wangu?"

Akatikisa kichwa. Usiku ule alilala kizingitini.

Asubuhi mlango uligongwa. Alikuwa mganga wa mtaa wa pili, mkoba begani.

"Nimekuja kumtoa mbwa aliye ndani ya mdogo wako," alisema kwa sauti ya huruma.

"Nani amekuita, baba?"

"Mama mmoja mrefu. Alinigongea alfajiri. Anasema nikishamsafisha huyu binti, yeye atapita kumchukua mwanawe."

Wifi akashika mwimo wa mlango. "Hapa hakuna mgonjwa, baba. Rudi salama."

"Mama, mbwa ndani ya mtu si aibu?"

"Ni mdogo wangu. Kama ni mbwa, ni mbwa wa nyumba hii."

Akafunga, akaweka sikio kwenye mbao. Mganga alikuwa amekuja peke yake, na ndala zake zilisikika zikienda. Kando yake zilisikika nyayo nyingine, tupu, zenye majimaji, zisizo na haraka.

Wifi akatia komeo. Akakata kipande kipya cha plaiwudi kutoka kwenye meza yake mwenyewe ya kukatia, akakiweka mbele ya kioo pamoja na brashi, na akamshika mdogo wake mkono akamketisha.

"Jichore," alimwambia. "Na mimi na mtoto tuweke nyuma yako."

Akambeba binti yake, akaketi nyuma ya mgongo wa mdogo wake, karibu kabisa, na akakaa hivyo mpaka saa nane ikapita, akitazama brashi inavyokwenda, bila kugeuka kuangalia mlango.