Maua ya Mei Hayaingizwi Ndani

Jua la mwisho la Aprili lilikuwa linazama Thirza alipotoka na kisu kwenda kukata matawi ya kupamba mlango. Kesho yake ilikuwa sikukuu ya Mei, ya kukaribisha majira ya maua. Kijiji kizima kingecheza kuuzunguka mlingoti uliopambwa maua uwanjani. Yeye hamu hana. Jethro, mumewe, alikuwa na siku tisa kitandani, kifua kinakoroma kama msumeno.

Kwenye miti ya miiba alimkuta mwanamke amempa mgongo. Mkononi ana tawi la maua meupe ya miti hiyo, maua ya Mei, limeshakatwa.

"Mpelekee mgonjwa," alinong'ona. "Liweke kichwani pake. Atainuka."

"Mama... umejuaje nina mgonjwa?"

Mwanamke akalinyoosha tawi nyuma, bila kugeuka. Ndege walinyamaza.

Thirza aliujua mwiko. Maua ya Mei hupamba nje, ndani hayaingii; huleta kifo. Lakini siku tisa! Akalipokea, akalificha chini ya shali, akaenda kuliweka kando ya mto wa Jethro.

Harufu ikatanda. Kwanza tamu. Kisha nzito... kama nyama inayoanza kuoza.

Mlango ukafunguka. Keturah, mama mkwe wake.

"Umeleta nini humu? Una wazimu wewe?"

"Nimepewa, mama. Na mama mmoja pale kwenye miiba. Kasema atapona."

"Uso wake umeuona?"

"Hakugeuka."

Keturah akashika ukingo wa kitanda. Bibi yake alimsimulia: mwaka wa tauni, maiti walifunikwa maua hayo kuzuia uvundo, wakafukiwa palepale chini ya miiba. Wengine walikuwa hawajakata roho.

Akalinyakua tawi, akalitupa dirishani.

Mkoromo ukakoma.

Thirza akaweka sikio kifuani pa mumewe. Kimya... kimya...

Jethro akafumbua macho, akaketi.

"Nina njaa," akasema.

Asubuhi alicheza mlingotini hadi vijana wakachoka. Watu wakampongeza. Mama yake alimpita kama anapita jiwe.

"Yule si mwanangu," Keturah alimwambia Thirza huku akifunga mzigo. "Twende kwa dada yangu. Leo hii."

"Niliomba apone, mama. Kapona. Nitamwachaje?"

Keturah akaondoka peke yake. Thirza akabaki, akilala ubavuni mwa mtu asiyefumba macho.

Agosti akajua ana mimba. Kila jioni aliketi mlangoni, mikono tumboni, akisubiri mtoto acheze.

Na akiomba asicheze.