Mguu wa Bi Mauza

Rafiki yangu Marcelino alikuwa mchora vibao Kariakoo enzi za Mwingereza, na yaliyompata mimi sikumhurumia hata kidogo.

Duka la dawa lilitaka kibao chenye picha ya mgonjwa wa matende. Akamchora jirani yake Bi Mauza, muuza vitumbua, bila hata kumwomba: uso wake, kanga yake, na ule mguu wake wa kushoto uliovimba kama gunia. Soko zima likamcheka.

Bi Mauza akamwambia, "Mguu wangu umeupenda, eh? Nitakuletea mwenyewe."

Alizikwa kabla ya Ramadhani.

Mwaka uliofuata kibao kilirudishwa kipakwe rangi upya. Adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha, Marcelino yuko kazini na kandili yake, akasikia mguu ukiburuzwa mchangani nje.

"Hodi."

Akaitika kwa mazoea, "Karibu," bila kuuliza nani.

Hakuingia mtu. Kandili ikazimika, na mburuzo ule ukapita ubavuni pake hadi kwenye kibao, ukakoma.

Akawasha kiberiti. Pichani, Bi Mauza alikuwa amesimama kwa miguu miwili myembamba.

Marcelino akainuka akimbie, akasikia nyuzi za kiatu chake cha kushoto zikikatika, moja baada ya nyingine.