Kijiti cha Fundi Saa

Haya yalimpata rafiki yangu Crisóforo, fundi saa wa mji wa Zacatlán, mtu asiyejua kutia chumvi. Aliitwa kusafisha saa kongwe ya mjane Eduviges. Nje jua lilikuwa la utosini, lakini chumba ilimokuwa saa hakikuwa na dirisha, kiza tupu, ikabidi afanye kazi kwa taa.

Fundi huchonga kijiti, akakizungusha katika kila tundu la mashine mpaka kitoke safi. Hapa kila kijiti kilitoka na ute mweusi, unaonuka kama kinywa cha mgonjwa.

“Mama, mlitia mafuta gani humu? Pfuu!” akamwuliza mjane aliyesimama mlangoni.

“Tangu mume wangu afe haijaguswa. Fundi mzima una kinyaa kama bibi harusi?”

Kijiti cha saba kilitoka na unyuzi wa nyama na ganda la punje ya mahindi. Mashine alikwisha kuisimamisha, lakini ndani mlisikika kitu kikitafuna, taratibu, kama mzee mezani.

“Potelea mbali, hiki cha mwisho!” akasema, akakisukuma.

Kikakwama. Akakivuta kwa mikono miwili. Kilitoka nusu yake tu, kimelowa mate ya uvuguvugu, na kina alama za meno.